Dereva wa Sura ya Kwanza

Mjomba wangu aliendesha teksi ya uwanja wa ndege kwa miaka 26. Jina la Jomo Kenyatta, ambalo uwanja ule ulipewa mwaka 1978, halikuwahi kumkaa mdomoni. Kwake ni Embakasi tu. "Niko Embakasi, nangojea ndege ya Amsterdam," angesema kwenye simu, nasi tulijua chakula chake kifunikwe.

Alipoacha kazi, akauza gari na kurudi Voi kulima, aliniachia mgao wa ajabu kidogo. "Wewe si unasoma vitabu vya watu? Kuna dada mmoja Mzungu nilimbeba, akaniambia yeye ni mwandishi na ataniandika. Hebu niangalizie kama niko humo."

Nikamwuliza jina la huyo mwandishi. Hakumbuki. Jina la kitabu? Atalijulia wapi. Anachokumbuka ni kwamba ilikuwa usiku, mvua imenyesha, na walikwama pale Bellevue saa mbili nzima bila gari kusonga. Katika saa hizo mbili alimhadithia yule dada maisha yake: alivyokuja Nairobi kwa basi la usiku akiwa na miaka 19, na alivyolala stendi usiku wa kwanza kwa sababu jamaa aliyeahidi kumpokea hakutokea. "Mimi nimeshika usukani, yeye anaandika kwenye kijitabu. Nikasema moyoni, leo naenda Ulaya bila tiketi."

Nimemtafuta mjomba vitabuni kwa miaka kadhaa. Sijampata. Lakini kumtafuta kumenifanya nisome sura nyingi za kwanza za vitabu vinavyosimulia miji ya Afrika, na sasa nadhani naijua ile sura hata nikifumba macho. Ndege inatua. Mlango unafunguliwa na joto linampiga mgeni usoni. Harufu. Foleni ya pasipoti, afisa aliyenuna. Nje, madereva wanampigania kama mpira wa kona. Gari linaondoka, dirisha linakuwa kama runinga: mama na karai la ndizi, mtoto anayeuza karanga, askari na bunduki. Dereva anasema neno moja la hekima au la utani kuhusu serikali. Geti la hoteli linafunguliwa. Mgeni anaoga. Sura ya pili ikianza, mgeni ameshaujua mji.

Hiyo ndiyo sura ninayotaka kuizungumzia. Ni safari fupi, pengine ya dakika 40 tu, lakini waandishi wameitwika mzigo ambao sijui kama lori lingeubeba.

Tuanze na neno lenyewe. Mwambie Mkenya wa kawaida kwamba unakwenda hotelini, ataelewa unakwenda kula. Hoteli ni pale penye chapati na maharagwe, chai ya maziwa, na mhudumu anayepaza sauti kuelekea jikoni. Mahali pa kulala tuna majina mengine: lojing, gesti. Mjomba alipeleka maelfu ya watu kwenye hoteli kubwa za mji huu, lakini hakuwahi kulala hata katika moja. Akisema "leo nilikuwa hotelini", mkewe anauliza alikula nini.

Sisemi hivi kwa mzaha tu. Lugha yetu haikuwa na haraka ya kutafuta neno la nyumba ambamo mgeni analipa ili akaribishwe, maana kazi hiyo ilikuwa ya watu. Mgeni alikuwa na mwenyeji, hata kama mwenyeji huyo alimhesabia siku na ya tatu akampa jembe. Anayefikia hoteli, kwa macho ya nyanya yangu, ni mtu asiye na mtu. Angemhurumia. Kwa hiyo tunaposoma sura ya mgeni anayetoka uwanja wa ndege kwenda hotelini, tunasoma habari za mtu asiye na mwenyeji, na yule aliye karibu naye zaidi katika saa hiyo ya kwanza ni dereva. Kwa dakika 40, dereva ndiye mwenyeji wa nchi nzima. Swali langu la uhakiki ni hili: mwandishi anamfanya nini mwenyeji huyo?

Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari kutoka Poland, anafungua kitabu chake The Shadow of the Sun kwa kufika Accra mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Ghana kupata uhuru. Anashuka ndegeni na kitu cha kwanza ni mwanga, kisha joto, kisha harufu. Ukurasa huo umeigwa na wengi, na wengi hawajui kwamba wanaiga. Lakini ndani yake kuna wazo zuri ambalo waigaji wameliacha. Kapuściński anasema kwamba zamani mtu aliposafiri kwa miguu, kwa farasi au kwa jahazi, safari yenyewe ilimzoesha. Nchi ilibadilika polepole, na akifika alikuwa ameshabadilika nayo. Ndege imeua hilo. Unang'olewa kwenye theluji na kutupwa kwenye jua.

Nakubaliana naye, na hapo ndipo naona umuhimu wa barabara ya kutoka uwanja wa ndege. Hicho ndicho kipande pekee cha safari ya kale kilichobaki. Kazi ambayo jahazi lilifanya kwa wiki kadhaa, sasa inatakiwa ifanywe na Toyota Corolla kwa dakika 40. Si ajabu waandishi wanaibana barabara hiyo iwaambie kila kitu, wala si ajabu inawadanganya.

Mfano uko katika kitabu hichohicho. Mbele kidogo, Kapuściński anapanda basi la kwenda Kumasi. Basi haliondoki. Linangojea lijae. Kutokana na kungoja huko anajenga nadharia nzima kuhusu Mwafrika na wakati: kwamba kwa Mzungu wakati uko nje ya mtu na unamtawala, na kwa Mwafrika wakati ni kitu ambacho mtu mwenyewe anakifanya kiwepo. Kurasa hizo zinapendwa sana. Utakuta zimenukuliwa hadi kwenye semina za wakubwa wa kampuni.

Nilimsimulia mjomba nadharia hiyo kwa simu. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sasa gari lisipojaa, petroli atalipa nani?"

Ndiyo hivyo tu. Basi linangoja kwa sababu ya hesabu. Mwenye gari anataka pesa zake jioni, viti vina idadi, na makanga anajua kiti cha ngapi kinalipa mafuta na cha ngapi kinalipa yeye. Ukitaka kuona watu wanaotawaliwa na wakati, nenda ukawaone madereva wa matatu saa moja asubuhi. Kapuściński alikuwa na jicho na alikuwa na ujasiri. Alikaa na watu mahali ambapo wenzake hawakukaa. Lakini pale kwenye basi alikuwa amezungukwa na watu ambao wangeweza kumjibu swali lake kwa sentensi moja, na kwenye ukurasa hakuna ishara kwamba aliwauliza. Aliwatazama. Nadharia huja haraka sana kwa mtu anayetazama.

Binyavanga Wainaina aliyacheka mambo haya mwaka 2005 katika jarida la Granta, kwenye kejeli yake How to Write About Africa. Baada ya pale waandishi wengi walishika adabu. Jua linalozama limepungua, na simba pia. Lakini dereva wa teksi amenusurika. Yumo bado katika riwaya, katika makala za magazeti makubwa, katika ripoti za mashirika. "Dereva wangu aliniambia," mwandishi anaandika, kisha linafuata jambo ambalo mwandishi mwenyewe hana uhakika nalo au anaogopa kulisema. Dereva amekuwa kama kivuli cha mwembe: kila apitaye hupumzika hapo, na hakuna anayeuliza nani aliupanda.

Kwa hiyo nimejitengenezea kipimo. Nikifika kwenye ile sura, sitazami kama dereva amesifiwa au amedharauliwa. Natazama jambo moja: je, dereva anauliza swali?

Maana katika maisha, dereva huuliza. Mjomba aliuliza kila kitu. Unga kwenu ni pesa ngapi? Mvua imenyesha? Una watoto? Na swali lake kubwa, alilolihifadhi mpaka wapite Cabanas: "Mamako umemwachia nani?" Anasema wageni walishtuka. Wengine walicheka. Mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye suti, alilia kuanzia Cabanas mpaka Nyayo. Mjomba hakujua la kufanya, akapunguza mwendo ili wasifike hotelini kabla mzee hajamaliza.

Katika sura zote nilizosoma nikimtafuta, bado sijakutana na dereva anayemwuliza mgeni habari za mama yake. Anajibu tu. Anaeleza siasa, anaeleza ukabila, anataja bei. Mgeni ana maisha ya ndani, dereva ana maoni. Kitabu kinachompa dereva maoni bila kumpa udadisi kimeshamwondoa kwenye uenyeji na kumweka kwenye kaunta ya habari.

Wapo waandishi walioiandika barabara hii kwa namna nyingine, na ningependa kuwataja wawili.

Wa kwanza ni Teju Cole, katika Every Day Is for the Thief, kilichotoka Nigeria mwaka 2007 na kutolewa upya Marekani mwaka 2014. Jina linatokana na methali ya Kiyoruba ambayo sisi tungeimaliza bila kufundishwa: za mwizi arobaini. Msimulizi ni kijana wa Lagos aliyeishi New York kwa miaka mingi, na safari yake ya kutoka uwanja wa ndege inaanzia New York kwenyewe, kwenye ubalozi mdogo wa Nigeria, anakokwenda kuchukua pasipoti na kukuta hongo imemtangulia. Akitua Lagos, mkono ulionyooshwa unamngoja tena.

Ukiisoma juujuu ni ile sura ya zamani: afisa mla rushwa, barabara, fujo. Lakini kuna tofauti kubwa. Huyu haendi hotelini. Amepokelewa na jamaa zake, na anakwenda kulala kwao. Anachokiona dirishani atakizungumza na watu wa mle ndani ya gari, na usiku atakula nao meza moja. Hawezi kusema "Lagos ndivyo ilivyo" halafu ajifungie chumbani na kiyoyozi. Jambo linalomchukiza lina jina la ukoo wake. Ndiyo maana hasira ya kitabu hiki inauma kuliko hasira ya mtalii: ni hasira ya mtu aliyepokelewa.

Nina manung'uniko nacho pia. Msimulizi wa Cole ana tabia ya kutazama Lagos akiwa na rula ya New York mfukoni. Kuna kurasa ambapo nilitamani mtu mmoja ndani ya gari ampige kofi la mgongoni na kumwambia, "Bwana, punguza, umefika juzi." Lakini kitabu kinajua hivyo. Msimulizi anajishuku. Mtu wa hotelini hajishuku, kwa sababu hakuna wa kumshuku.

Wa pili ni Abdulrazak Gurnah, na huyu ndiye aliyenikalisha kitako. Riwaya yake By the Sea, ya mwaka 2001, inaanza uwanja wa ndege wa Gatwick, tarehe 23 Novemba. Anayefika ni Saleh Omar, mzee wa Zanzibar mwenye miaka zaidi ya 60, aliyewahi kuuza samani. Pasipoti yake ina jina la kuazima. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, ingawa anakijua vizuri. Mbele yake kuna afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, ambaye wazazi wake nao walikuja Uingereza kutoka kwingine.

Hapa ile sura ya kwanza imegeuzwa nje ndani. Mgeni ni sisi. Mwenye maneno ni mwenyeji, anayezungumza peke yake na kutoa nadharia kuhusu nani anafaa kuja na nani hafai. Mgeni amenyamaza, lakini anaelewa kila neno. Kwa mara ya kwanza tunasikia kinachoendelea kichwani mwa yule ambaye kwenye vitabu vingine hutajwa tu kama "mzee mmoja mkimya".

Kisha Edelman anafungua mkoba wa mzee na kukuta kisanduku cha udi, ud-al-qamari. Anakipenda. Anakichukua.

Wahakiki wengi wamelisoma tukio hilo kama wizi wa kikoloni, na ni kweli. Lakini aliyelelewa Lamu, Mombasa au Unguja anaona jambo la ziada. Udi ni kitu cha kupokelea wageni. Unatiwa kwenye chetezo, nyumba inafukizwa, mgeni anakuta harufu imemtangulia kumkaribisha. Kitu cha mwisho alichobeba mzee huyu kutoka kwao, baada ya nyumba na duka na familia kwisha, ni kifaa cha ukarimu. Na mlango wa nchi anayoikimbilia unaanza kwa kumnyang'anya kifaa hicho. Kuanzia hapo hana cha kumkaribishia mtu, na hakuna anayemkaribisha.

Gurnah anatuambia pia udi ule ulitoka wapi. Aliupata kwa Hussein, mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain, mmoja wa wale waliokuja pwani yetu na upepo wa kaskazi. Hebu itazame tarehe tena. Mwishoni mwa Novemba ndipo kaskazi inapoanza kushika, ndipo majahazi kutoka Ghuba yalipokuwa yakijiandaa kuja kwetu, na nyumba za pwani zikijiandaa kupokea wageni wa msimu. Katika mwezi huohuo mzee wa Zanzibar anafika kwa ndege mahali ambapo hakuna msimu wala mwenyeji. Hakuna hoteli inayomngoja. Anapelekwa kituo cha kuwekea wakimbizi, kisha nyumba ya kulaza watu ya mama aitwaye Celia, katika mji mdogo wa pwani ya Kiingereza. Ni gesti, naam, lakini hakuichagua wala hailipii.

Nilimsomea mjomba sehemu hiyo nilipokwenda Voi wakati wa Pasaka, nikitafsiri kwa mdomo kadiri ninavyoweza. Tulikuwa tumekaa nje, yeye anamenya mihogo. Alisikiliza mpaka mzee anapotolewa uwanja wa ndege. Akanikatiza.

"Huyo mzee, nani alikwenda kumpokea?"

Nikamwambia, hakuna.

Akaweka kisu chini. "Hakuna kabisa?"

Hakuna.

Nimesoma makala nyingi za kitaalamu kuhusu By the Sea, hasa baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Sijasoma swali lililo sahihi kuliko hilo. Riwaya nzima, ukiitazama vizuri, ni jibu lake: itachukua kurasa mamia mpaka apatikane mtu mmoja, Latif Mahmud, wa kuja kumpokea mzee yule, na hata huyo anakuja na deni la miaka mingi moyoni. Msomaji aliyewahi kulala stendi kwa sababu jamaa hakutokea aliliona hilo bila msaada wa nadharia yoyote.

Sasa turudi kwetu, maana ni rahisi kuwahakiki wageni na kujisahau. Barabara ya kutoka Embakasi ina maandishi yake, na sisi wenyewe hatuyasomi.

Magurudumu ya ndege yakigusa chini, yanagusa njia iliyojengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari. Uwanja ulifunguliwa na Gavana Evelyn Baring mwaka 1958, mwaka uleule ambao Kapuściński alishuka Accra kushangilia uhuru wa Ghana. Sijasoma sura ya kwanza, ya mgeni wala ya mwenyeji, inayotua juu ya jambo hilo. Tunatua, tunapiga picha, tunatafuta teksi.

Halafu, tangu mwaka 2022, kuna Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye kulipia anapanda juu na anafika mjini kabla hajamaliza kutuma ujumbe kwamba ametua. Sina ugomvi na mtu anayekwepa jam. Jam ya Mombasa Road imekula ujana wa wengi. Lakini kama mhakiki naona kwamba ile sura imebadilishwa na wahandisi. Mgeni wa leo haoni tena mama mwenye ndizi. Anaona paa za viwanda, mabango, na upande wa pili mbuga, na bahati ikiwapo, shingo ya twiga. Dirisha limepandishwa ghorofani. Chini yake, karibu na njia hiyo, ni Mukuru kwa Njenga, ambako mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya watu walibomolewa nyumba kupisha barabara ya kuunganisha. Ukiwa juu, sehemu hiyo ni mabati tu yanayomeremeta. Inapendeza hata kwenye picha.

Na Bellevue, je? Unapita kwa dakika moja. Zile saa mbili za mvua ambazo mjomba alimhadithia yule dada maisha yake haziwezi kutokea tena kwa mtu wa juu. Ni jambo jema kwa watu wote. Ila hadithi ile ilitoka kwenye kukwama.

Kuna safari nyingine pia ya kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini, ambayo haimo kwenye sura yoyote. Ni ya basi namba 34, linalopitia Donholm na Jogoo Road mpaka katikati ya mji. Ndani yake kuna dada anayefagia ukumbi wa wanaofika, kijana anayepakia mizigo, na mama anayekwenda kutandika kitanda ambacho mgeni wa juu atakilalia. Meja Mwangi alishatuonyesha mwaka 1976, katika Going Down River Road, kwamba Nairobi inaweza kuandikwa kutoka kwa wale wanaobeba simiti ya majumba marefu. Ben na Ocholla wanajenga ghorofa ambalo si lao, na baa zao ziko upande wa pili wa mji. Karibu miaka 50 baadaye, bado nangojea mtu aandike namba 34 ya saa kumi na mbili asubuhi.

Wala tusidanganyane kwamba hatuna mfano wa kufuata. Mwaka 1896 Mswahili mmoja, Salim bin Abakari, alikwenda Urusi na Siberia akimtumikia bwana wake Mjerumani. Masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten na kukichapisha mwaka 1901. Tumezoea kukitaja kwenye mihadhara kama kichekesho: Mswahili kwenye theluji. Mimi nakiona kama jambo zito. Huyu ni yule mtu wa pembeni, mbeba mizigo, anayepaswa kutajwa mara moja na kusahaulika, na safari hii kalamu iko mkononi mwake. Anahesabu, anapima, anauliza. Watu wa huko wanamshangaa yeye, naye anaandika kwamba wanamshangaa. Tulikuwa na sura hiyo zaidi ya karne moja iliyopita, kwa Kiswahili, na tukaisahau.

Kwa mwandishi kijana anayetua kesho, awe Mzungu, awe Mkenya anayerudi kutoka Doha au Minneapolis, sina amri ya kutoa. Namwomba tu ajiulize, kabla ya kuandika ile sura, nani alikuja kumpokea. Kama yupo, amwandike na gubu lake na utani wake. Kama hayupo, basi mtu aliyeshika usukani ndiye mwenyeji wake, na mwenyeji ana haki ya kuuliza maswali. Amsikilize anavyouliza. Amjibu.

Nilipomaliza makala haya nilimpigia mjomba, nikamwambia kwamba sikumpata kwenye vitabu, kwa hiyo nimemwandika mimi. Alicheka. Nikamwuliza, jina lako niliweke?

"Jina usiweke," akasema, "watu wa kodi wasije wakanikumbuka." Kisha, baada ya kimya kidogo: "Umeandika ile ya mzee aliyelia?"

Nimeandika.

"Basi weka na hii. Tulipofika hotelini hakushuka. Aliniambia nizime gari. Akaomba simu yangu, akampigia mamake."